Mkebe Ulioandikwa Kaluki

Mzee Nahashon Okinyi

Mwaka mmoja umetimia leo, Baba, tangu uiweke spana chini na usirudi kuiokota. Datsun yako ya njano, ile ya milango miwili uliyoijua kuliko ulivyotujua sisi watoto wako, uliiacha nyuma ya nyumba hapa Njiru, injini ikiwa vipande vipande.

Ilikuwa ya tatu. Ya kwanza, ile nyekundu, wewe na Mama mliitoa kwenye banda la kuku Machakos mkiwa na miaka miwili ya ndoa, na kuku mmoja alikuwa bado anatagia kwenye kiti cha dereva. Majirani zenu Makongeni walinunua sofa. Nyinyi mlinunua gari la spoti lisilo na injini. Wewe, fundi wa karakana ya reli, ukakunja mikono ya shati. Mama akashuka soko la Kariokor, akachagua ngozi, akashona viti mwenyewe. Na kila ulipowasha, ulimtazama yeye. Anainamisha kichwa, anasikiliza. "Bado." Unakaza kitu. "Bado." Hukuwahi kubishana. Gari halikuwa zima mpaka Mama aseme, "Haya."

Sasa tukupe habari ya mikebe.

Vipuri vyote uliviweka kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, na badala ya kuandika kilichomo, uliandika majina ya watu. Tulidhani ni uzee. Amondi, bintiyo, ndiye aliyefungua ule wa NDETE, akakuta honi. Mjomba Ndete alikuwa amesimama pale pale.

"Honi? Shemeji aliniita honi?"

"Mjomba, punguza sauti basi."

Shangazi Phelister, dada yako, alikuwa springi: ukimgusa tu, ameruka. Akaruka. Mchungaji alikuwa mkanda wa feni, unaozunguka na kuzunguka na kurudi pale pale. Huo tuliufunika haraka.

Tulicheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Mama hakucheka. Alikuwa ameona mkebe mdogo umeandikwa jina lake, KALUKI. Akauchukua kimyakimya, akauficha kabatini chini ya leso zake. Miaka thelathini na minane ya ndoa, Baba, na mkeo anaogopa mkebe! Kama kaka yake ni honi, yeye je? Breki? Ungekuwepo angekuuliza, mkagombana mpaka chai ikapoa. Lakini hukuwepo, na akiufungua, neno la mwisho lingekuwa lako.

Amondi aliiunganisha injini kwa miezi tisa, jioni akitoka kazini. Ikabaki rota, kile kidude kinachogawa moto kwa plagi. Ulikuwa unaitoa kila unapoegesha, wezi wasiliwashe gari. Tulipekua makoti yako yote. Mjomba Ndete akasema labda tulikuzika nayo mfukoni. Mama akamkata jicho, honi ikazimika. Mjini tulizunguka kote, ya gari hilo hakuna. Ndipo Mama, kwa kuchoka, akamwahidi Sakariye, yule rafiki yako muuza spea: lisipowaka kufikia wiki ya kumbukumbu hii, alichukue alikate auze vipuri.

Jumamosi iliyopita Sakariye alikuja na kamba ya kuvutia.

"Mama Amondi, mimi sina haraka," alisema, na kweli aliifunga kamba polepole kama anayemvua viatu mtoto aliyelala.

Mama aliitazama ile kamba. Akaingia ndani, akatoka na mkebe wake, akaufungua mbele yetu sote, macho ameyafumba. Ndani mlikuwa na kipande cha ngozi nyekundu, masalio ya vile viti vya kwanza. Ndani ya ngozi, rota.

"Mama," Amondi akaanza, "unajua rota maana yake vitu vingine vyote vinaweza kuwa hapo lakini bila hiyo..."

"Nyamaza. Unadhani nani alimfundisha baba yako kuitoa?" Akapangusa macho kwa ile ngozi. "Mwaka mzima nimeificha kabatini. Huyu mwanamume!"

Amondi akaiweka mahali pake. Gari likakohoa, likakohoa tena, likawaka, na mbwa wa Njiru nzima wakaitikia. Wote tukamgeukia Mama. Akainamisha kichwa.

"Bado."

Amondi akakaza.

"Bado."

Sakariye akainama, akashika fundo la kamba.

"Haya."

Leo baada ya ibada Mama mwenyewe anaendesha mpaka Soko la Burma, na Sakariye ametangulia kuagiza nyama. Mama anasema tupitie Kariokor kwanza, kuna ngozi ameiona. Kwa hivyo inaonekana kuna gari la nne, Baba. Usituulize liko kwenye banda la kuku la nani.

Tunaokukumbuka: mkeo Kaluki, rota, watoto wako Amondi na Muoki, ambao mikebe yao haitatajwa hadharani, dada yako Phelister, springi, shemeji yako Ndete, honi, anayeomba ijulikane kwamba amekusamehe, na rafiki yako Sakariye, aliyerudi nyumbani na kamba yake.

Hatutaacha kukukumbuka, Baba. Mkebe wako pia upo kwenye rafu, tumeuandika OKINYI. Ni mtupu. Ni wa spana namba kumi, ile ambayo kila fundi huihitaji na haionekani, na kila siku tunaitafuta.