Nani Anaamuru Chini ya Kifua Yangu?

Mama Vanessa wa radio, unijibu mbele ya ijumaa, ju ijumaa banataka kunifunga. Mi ni Jafari, kadafi wa hapa Baraka, nauzisha essence, mafuta ya motokari, mu chupa kando ya barabara, nakaa mu kiti ya magurudumu, bateja banasema niko mufalme ju sisimamaki mbele ya muntu, mi nacheka nabo. Mugongo ilivunjika kati ya mabega kule Misisi, shimo ya dhahabu ilituangukia mi na rafiki yangu Dieumerci, yeye alikufia juu ya miguu yangu, mi balinikokota nje, tangu pale kuanzia kifua kushuka sisikie kitu.

Lakini, Mama, kule chini kuko muntu. Mi naambia mukojo "toka", kimya. Bibi yangu Rehema akitia mukono ya baridi ku paja, paja inaruka yenyewe na mukojo inatoka palepale, anasikia Rehema, mi mwenye mwili ananizarau! Na kuko siku, muchana kweupe, niko napimia muteja essence, nywele ya mikono inasimama, uso inalowa jasho, kichwa inapiga paa! paa! kama muntu anagonga mulango, kiisha mukojo inatoka na yote inatulia, kama vile amefika kwake.

Mama mukwe anasema: "Mukwe wangu, huyo ni Dieumerci. Hakubakia mu shimo." Akaita mufumu, muganga wa mizimu, wa Kilembwe. Balinilaza chali, bakakamata mabega, mufumu akauliza: "We ni nani?" Kichwa ikataka kupasuka, macho ikaona giza, na Mama, miguu ikajibu: ikapiga kitanda. Bote bakakimbia, mufumu aliacha sandale moja, ningecheka kama ningepata pumuzi. Ijumaa anarudia na kamba, afunge pale mukojo inapitia, Dieumerci akose njia. Rehema analia. Mi mwenyewe asubui nimeanza kumusalimia: "Dieumerci, umelala muzuri?" Nikubali kamba?

Jafari, ni mi Mama Vanessa. Ukubali wapi! Kamba ile itakuua. Pole kwa rafiki yako. Sasa acha mizaha, sikia.

Kibofu ikijaa, inatuma habari ku kichwa kupitia mushipa mukubwa ndani ya mugongo, na kichwa inajibu "ngoja" ao "toka". Yako ilikatika kati ya mabega. Habari inapanda, inafika pale, haipite. Lakini mugongo ya chini haikukufa. Inajiamulia: baridi inagusa paja, inarusha muguu, inafungua mukojo. Ndiyo ule muntu wako. Ni we, pasipo kichwa yako.

Kile kinaniogopesha ni ile kugonga. Kibofu imejaa kupita, kule chini mishipa ya damu inajikaza, tension, nguvu ya damu, inapanda, kichwa haina njia ya kuishusha. Muntu anakufaka vile, na kamba itazuia mukojo kutoka. Na bale banakulaza chali, tension inazidi! Rehema, mama, ikianza mukalishe wima, legeza mukaba ya suruali, mukojo itoke. Isipotulia, mukimbize ku hopitali. Na musingoje ijumaa, muende kesho, muuguzi abafundishe sonde, kale kamupira kasafi ka kutoa mukojo mbele kibofu haijajaa. Jafari, usijinyime maji, najua unajinyima.

Mama mukwe umuheshimu, anakupenda. Lakini siku miguu itaruka na muntu atauliza "We ni nani?", umujibu na kinywa yako, kwa nguvu: "Ni Jafari." Dieumerci umuache alale.