Vidonge vya Mama Kulwa Mwingine

Jumatano, katikati ya Oktoba. Joto, na mvua bado haijaamua kuja.

Nimerudi kutoka zamu saa kumi. Nimefungua dirisha la chumba changu hapa Gongoni na kulifunga tena, maana kinachoingia ni vumbi tu. Sare ya kazi iko kwenye beseni, haijafuliwa. Chai nimeiacha mpaka imepoa.

Shajara yangu, leo sina hali. Blogu hii ina wasomaji kumi na mmoja, wawili wao wadogo zangu, kwa hiyo acha niseme kama mambo yalivyo. Jumatatu asubuhi nilimpa mgonjwa dawa za mtu mwingine.

Ninauguza kwenye wodi ya wanawake wenye magonjwa ya akili. Huku kwetu mama aliyezaa mapacha haitwi jina lake. Anaitwa Mama Kulwa, kwa jina la pacha aliyetangulia, basi, na binti wa umri wangu akithubutu kumwita jina alilopewa na baba yake, ataonekana hakufunzwa kwao. Chuoni walitufundisha kumtaka mgonjwa ataje majina yake matatu kabla hajapokea kidonge, na mtihani ule niliufaulu vizuri sana. Wodini nasema, "Shikamoo Mama Kulwa," naitikiwa marahaba, mkono unanyooshwa, na kazi inaendelea.

Wiki hii tuna Mama Kulwa wawili.

(Siogopi kuwaandika hivyo. Tabora ina akina Mama Kulwa wengi kiasi kwamba jina hilo halimfichui mtu.)

Mmoja ni wa Ntalikwa. Anasikia sauti, na anatumia dawa nzito ya kutuliza, vidonge vya rangi ya chungwa. Mwingine ni mkulima kutoka Bukene. Aliletwa Agosti akiwa hasemi wala hataki kula, huzuni imemmaliza. Vidonge vyake ni vyeupe na vimemfaa. Siku hizi anawasuka wenzake nywele na kugombana na wapishi juu ya ugali wao mlaini. Leo alikuwa aruhusiwe kwenda nyumbani.

Jumatatu tulikuwa wauguzi wawili, mwenzangu akaenda maabara. Nikasimama na trei yangu, nikaita Mama Kulwa. Aliyeitika ni wa Bukene, nami nikamwekea kiganjani vile vya rangi ya chungwa.

Kufika mchana alikuwa hajiwezi. Aliinuka kwenda bombani akaanguka. Ulimi mzito, macho hayafunguki, presha iko chini kabisa. Nilirudi kwenye kabati, nikaangalia kadi, nikaelewa. Nilikaa sakafuni hapo hapo.

Nilimwambia Sista Modesta, kiongozi wetu wa wodi. Si mtu mbaya. Ndiye aliyenitafutia mkataba huu, na mara nyingi amenigawia chakula chake. Tulimlaza mama, tukainua miguu yake, tukawa tunampima kila baada ya nusu saa mpaka presha ikapanda. Kisha Sista akanivuta pembeni.

"Mwanangu, mama yuko hai. Dawa itatoka yenyewe mwilini. Ukiliandika hili, wa kwanza kuondoka ni wewe, na mimi nitabaki na wagonjwa wote hawa na nani?"

Kwenye faili akaandika: analala sana, amedhoofika. Mimi sikuandika kitu. Sikupinga pia.

Jana daktari alipopita alisoma maneno hayo, akamwona mama amezubaa, akasema ugonjwa unarudi. Akaandika aongezewe dawa kuanzia kesho, Alhamisi, na ruhusa akaifuta mpaka amwangalie tena baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kuona kifungo cha koti lake kimelegea. Nikapokea faili kutoka mkononi mwake.

Leo binti yake, Kulwa mwenyewe, ameshuka kwenye treni akiwa na kitenge kipya na viatu vya mama yake kwenye mfuko. Ameambiwa mama hajapona, asubiri. Hakubisha. Alinifuata mimi, akanipa karanga za shambani kwao, akasema, "Asante dada, kwa kumtunza mama." Ziko hapa mezani. Siwezi kuzila.

Na bado sijasema lile baya lenyewe.

Jumatatu, vidonge vikiwa kiganjani, Mama Kulwa alivitazama, akasema, "Nesi, hizi siyo zangu. Zangu nyeupe." Alisema polepole, kwa adabu. Nami nikatabasamu lile tabasamu letu la wodini, nikamwambia, "Ni zako mama, meza tu."

Akameza.

Wodini kwetu mgonjwa akikataa dawa tunasema ni ugonjwa unaongea. Hatukitazami kidonge, tunamtazama yeye. Maneno hayo hayo angeyasema mtu wa wodi ya mifupa, ningerudi kabatini mbio. Naona aibu kuliandika hili. Naona aibu hata nikiwa peke yangu humu chumbani.

Leo kabla ya kutoka nilikwenda kitandani kwake. Nilichuchumaa, nikamweleza yote: kosa langu, dawa ile, na kwa nini hajaenda nyumbani. Nilitegemea anitukane. Ningefurahi angenitukana. Yeye alitazama kwanza mlangoni, halafu akanishika mkono.

"Usimwambie daktari, mwanangu. Akijua nilikataa dawa, hatanitoa humu."

Nilimfunika shuka, nikatoka.

Nimetembea mpaka nyumbani nikijihurumia njia nzima. Nikisema nakosa kazi, nikinyamaza nakosa usingizi, huku Sista, kule mkataba, sina pa kutokea. Nimefika, nimevua viatu, ndipo nikatambua kwamba mimi nimetoka. Mlango wa wodi ulifunguliwa kwa ufunguo, nikapita, ukafungwa nyuma yangu, na yeye yuko ndani.

Fomu ya kuripoti makosa ya dawa iko mbele yangu. Niliichukua kwenye droo Sista alipokuwa ananawa mikono, kama mwizi. Kesho nitamsubiri daktari getini, nimkabidhi mkononi kabla saa ya dawa haijafika. Ninaogopa. Mwandiko wangu umekuwa wa mtoto wa darasa la pili. Kwenye nafasi ya maelezo nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta, nikijitetea kwa uchovu, uchache wetu, heshima za kwetu. Yote ni kweli, na yote nimeyatoa. Yamebaki haya:

Mgonjwa alisema dawa si zake. Mgonjwa alikuwa sahihi.