Vipande Vinane vya Kaniki

Alhamisi, 9 Juni 1994

Kina mama wa kushona wamekuja saa nane. Leo walikuwa tisa. Upepo mkali, vumbi mpaka ndani ya vikombe. Tukahamia sebuleni.

Nimewafundisha vishika sufuria. Kazi rahisi. Kipande cha nguo unakikunja, katikati unaweka kiraka cha blanketi kuukuu, unapiga mshono kona kwa kona, unaacha kitanzi cha kutundikia. Hata asiyewahi kushika sindano anarudi nyumbani na chake.

Nguo nilikuwa nayo. Jumapili mtu wa Kongwa alituletea karanga za mama mkwe, zimefungwa kwenye kaniki ya zamani. Laini sana, imefuliwa mpaka imechoka. Karanga nikamwaga kwenye ndoo, kaniki nikaikata vipande vinane vilivyo sawa. Nilijisifu jinsi mkono wangu ulivyonyooka. Vinne nimebaki navyo. Vitatu kachukua Mama Zuhura, jirani yangu. Yeye ni Mwislamu, hasali kanisani kwetu, anakuja kwa ajili ya sindano na umbea, mwenyewe anasema hivyo. Kimoja kachukua Mama Mchungaji, anataka mfuko wa Biblia.

Binti yangu Esta alikuwa anatuangalia kutoka kwenye mkeka. Tumbo limeshuka. Mimba ya kwanza, amekuja kujifungulia kwangu. Namshukuru Mungu. Naogopa pia.

Jumamosi, 11 Juni

Nimeshona mto. Nje mfuko wa unga uliofuliwa, ndani matambara. Zamani tulipanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya doti moja ya khanga, na pengine unarudi mikono mitupu. Siku hizi sokoni Majengo mitumba imelala chini, mtu anachagua kwa mguu. Baba Esta kasema nyumba imekuwa jalala la matambara. Halafu kaulalia mto wangu mchana kutwa.

Jumanne, 14 Juni

Barua kutoka kwa mama mkwe. Hajui kuandika, kaandikiwa na mwalimu wa kijijini. Nilianza kuisoma nimesimama. Nikakaa.

Anakuja Jumatatu kumwona Esta. Na ile kaniki iliyofungia karanga ndiyo mbeleko yake. Kawabebea watoto wake saba, Baba Esta wa kwanza, na wajukuu wa mabinti zake. Nimtunzie Esta. Kwao nguo ya kubebea mtoto haitumwi tupu, lazima ifungie chakula. Ndiyo maana ya karanga.

Sikujua. Miaka ishirini na tatu ya ndoa na sikujua. Watoto wangu nimewazalia Morogoro, Baba Esta akifanya kazi relini huko, nikawabeba kwa khanga zangu. Mbeleko ya mama mkwe niliisikia tu, sikuwahi kuiona.

Nimeikata. Nimeigawa iende ikashikie masufuria.

Sijamwambia mtu.

Jumatano, 15 Juni

Nimekwenda Majengo, nimenunua kaniki mpya. Nimeiloweka kwenye maji ya majivu, nimeifua mara nne, maji meusi. Nimeipiga kwenye jiwe. Nimeianika chini, vumbi liingie.

Macho ya mama mkwe hayaoni vizuri siku hizi. Hilo ndilo nililowaza. Naliandika hapa ili nisije nikajidai sikuliwaza.

Nilianza kusali, nikaishia katikati. Aibu.

Ijumaa, 17 Juni

Nimeshindwa kukaa nalo. Nimekwenda kwa Mama Zuhura, nimemweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Shoga, kumbe mimi napikia mbeleko ya mkweo."

Aliponiona usoni akaacha. Akaingia jikoni, akarudi na vyote vitatu. Kimoja kona imeungua.

"Hiki uniwie radhi. Nilishikia sufuria ya makande."

Nikamwonyesha kaniki mpya. Akainusa, akanirudishia.

"Bado inanuka duka. Hii hata mimi nisingethubutu kuipeleka kwa mama mkwe, na mimi uongo nimeanza kabla ya kutambaa."

Nimerudi nyumbani nimemwambia Esta. Alilia kidogo. Kisha akaomba wembe, akaanza kufumua nyuzi za vishika sufuria, taratibu, kimoja kimoja. Mtoto wangu mzuri.

Jumapili, 19 Juni

Sikusikia mahubiri. Mama Mchungaji alikaa mbele yangu, Biblia imo ndani ya mfuko wake mpya, kaukumbatia. Kautia na kifungo chekundu. Kapendeza. Nikajiona mwizi kabla ya kuomba.

Baada ya ibada nikamweleza mlangoni. Alitoa Biblia yake pale pale, akanipa mfuko. Akasema nimwambie mama mkwe ukweli kabla hajauliza. Nikisubiri aulize, hapo siyo kwamba nimekiri, nimekamatwa.

Mchana kutwa nimeunga vipande. Vinane vyote vipo. Imerudi kuwa nguo, lakini imepungua, imejaa makovu. Kile kilichoungua nimekiweka pembeni. Hakuna mahali pa kukificha.

Baba Esta nimemwambia pia. Akasema, "Mimi simo." Nilitegemea hivyo hivyo.

Jumatatu, 20 Juni

Mama mkwe amefika saa tano. Fimbo mkononi, kuku kwapani.

"Mbukwa," akatusalimu kwa Kigogo. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikampokea kuku. Maji nimempa. Kabla hajayanywa nikasema yote. Mkasi, vishika sufuria, mfuko wa Biblia. Mbeleko ya viraka na kaniki mpya nikaziweka mbele yake, nikamwambia nilitaka kumpa hiyo mpya niseme ndiyo yake. Sikubakiza kitu.

Akaweka maji chini. Alizichukua zote mbili, akapapasa kwa vidole. Ile mpya akaiweka chini upesi. Ya viraka akaenda nayo kipande kwa kipande. Akafika kwenye kona iliyoungua, akanusa.

"Nini hiki?"

"Makande, Mama."

Akaikunja, akaiweka mapajani. Chakula hakula. Alimwomba Esta ampeleke kulala.

Nimekaa jikoni na kuku wake. Nina umri wa miaka arobaini na sita na ninaogopa kama mtoto aliyevunja chungu. Ila kitu kimoja: leo Baba Yetu nimeisema yote mpaka amina.

Jumanne, 21 Juni

Asubuhi nimemkuta mlangoni kwenye jua, mbeleko mapajani, ameigeuza ndani nje. Akaniita. Nikapiga goti tena.

"Mama Esta. Ni kweli wewe ndiye unayewafundisha wenzako kushona?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbona mishono yote iko upande wa mtoto? Itamkwaruza mgongo."

 Akaishika ile kona iliyoungua, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Anacheka.

"Imebeba wanangu saba, na makande ya jirani ikayabeba. Haijachoka hii."

Mimi ndiye niliyelia. Akaniambia nipenge kamasi, nilete sindano.

Akataka na kaniki mpya. "Hii ya uongo iweke upande wa nje, ifunike mishono. Ipigwe jua na vumbi, itazoea. Yangu ikae ndani, kwa mtoto."

Tumeshona mpaka adhuhuri. Macho yake hayaoni tundu la sindano, basi mimi natunga uzi, yeye anashona. Mshono wake mdogo, umekazana, bora kuliko wangu. Kaninong'oneza kwamba jana hakula kwa sababu ya hasira, na usiku njaa ikamuuma akajuta. Leo kala ugali mara mbili.

Baba Esta kapita, katuona, kajidai anatafuta jembe. Mwilini nahisi kama nimetua debe la maji.

Ijumaa, 1 Julai

Esta amejifungua juzi zahanati. Msichana. Wazima wote wawili. Asante, Baba.

Mtoto hajafika umri wa kubebwa mgongoni. Mama mkwe kamfunika tu na mbeleko, wamekaa mlangoni kwenye jua. Mfuko wa Mama Mchungaji nimemshonea mwingine, wa suruali ya mtumba, na kifungo chake chekundu nimekirudisha. Kasema huu una na mfuko wa sadaka.

Mama mkwe anarudi Kongwa kesho kutwa. Jana aliomba kishika sufuria. Nilidhani ananitania. Hapana, anakitaka kweli, vidole vyake vinaungua siku hizi. Nimekishona asubuhi kwa kipande kilichobaki cha kaniki mpya, ndani kiraka cha blanketi, mshono kona kwa kona, kitanzi.

Sitampa kitupu. Nimekifungia majani ya chai.