Heroe wa Didia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana huu mwaka wa pili hujaniitikia. Nina jambo la kukuambia kuhusu yule ndege heroe, yule ambaye mpaka leo hayumo kwenye daftari lako la ndege, na kosa ni langu. Niache nianzie mbali, ujasiri uje taratibu.

Unakumbuka siku ulipolipwa malimbikizo yako ya ualimu ukarudi na darubini? Didia nzima ilitusikitikia. Mama alisema, "Wenzako wananunua mitamba, wewe umenunua macho!" Kila Jumapili baada ya ibada ukatupanga mstari mmoja juu ya matuta ya majaruba ya mpunga kuangalia ndege, kimya, kama watu wanaokwenda kuiba. Sisi tuliokua tukipiga madebe kufukuza kweleakwelea, leo tunaambiwa tusiwaudhi! Mama alisusa kabisa. "Wanakula mpunga wangu, halafu nikawaangalie na usoni?"

Na ile sheria yako. Ndege haandikwi mpaka aonwe na watu wawili. "Macho mawili huota," ulikuwa ukisema, "macho manne ndiyo ushahidi." Mimi kifungua mimba ndiye niliyekuwa shahidi wako wa kudumu. Nilishuhudia mdiria, nikashuhudia korongo taji, huku nikinung'unika njia nzima. Sikujua kwamba ugonjwa wako ulikuwa umeshaniingia. Nilipoolewa Katoro nikajikuta namwacha mteja kibandani kwangu na kitenge mkononi, eti kuna mwewe juu ya soko.

Basi mwezi uliopita niliwapeleka wajukuu zako, Kulwa na Doto, kwenye kingo za kijito kule nyuma ya machimbo ya dhahabu. Keremkerem, wale ndege wala nyuki, wametoboa matundu kwenye ukuta wa kingo, wamejaa tele, na watoto hawajawahi kuwaona. Hatujakaa sana, nikageuka nyuma. Wachimbaji sita, na sululu zao.

"Shikamoo mama. Hapo unapima nini?"

"Marahaba. Naangalia ndege."

Walicheka mpaka keremkerem wakaruka. "Mama, sema tu ukweli, hatutakunyang'anya. Katoro hii nani anashika darubini kwa ajili ya ndege?"

Nikawapa darubini yako waone wenyewe. Wakapokezana, wakanirudishia kwa adabu zote. Jumapili iliyofuata nakuta duara la kutafutia dhahabu limechimbwa palepale, refu kupita kimo cha mtu, na jamaa mmoja ameketi ukingoni hoi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama, mbona hamna kitu? Umetudanganya!"

Kulwa alicheka akakaa chini. Mimi nilicheka kidogo, kisha kicheko kikakwama. Nimeitwa mwongo siku niliyosema kweli, baba. Siku niliyodanganya, wewe hukuniita hivyo.

Siku hiyo ulinitumia ujumbe: "Njoo haraka." Siku ya gulio, kibanda kimejaa wateja. Nikafunga, nikapanda gari, nikalia kutoka Katoro mpaka Didia nikijua nakuja kukuzika. Nikakukuta mlangoni mzima wa afya, mabuti miguuni, darubini shingoni. "Kuna mgeni majarubani. Twende kabla hajaondoka." Hata maji ya kunywa hukunipa! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto.

Tulipofika ulininyooshea kidole.

"Umemwona?"

"Naona yangeyange tu."

"Yule mrefu, mama. Yule pale."

"Simwoni."

Ulilifunga daftari. Kisha ukairudisha penseli mfukoni, ukasema, "Haya, twende ukale." Hukubishana, na hukumwandika. Nilijua nimekukomoa, na moyoni nilifurahi. Mwezi uliofuata niliitwa tena haraka, na safari hiyo hapakuwa na ndege, wala wewe mlangoni.

Baba, nilimwona. Nani angeshindwa kumwona? Rangi ya waridi mwili mzima, mguu mmoja majini, shingo ndefu kama nini, katikati ya mpunga wa kijani. Kipofu angemwona. Alikuwa mzuri mno, na uzuri wake ndio ulionizidishia hasira. Nilikuwa na neno moja tu la kukupa, nikakunyima.

Leo nimefungua daftari lako. Nimeandika kwa penseli yako: heroe mmoja, majarubani, Didia. Aliyemwona kwanza, mwalimu. Aliyemwona pili, binti yake. Nisamehe nimechelewa kutoa ushahidi.

Binti yako,
Mama Kulwa