Dawa Isiyotulia Kwenye Protini

Kagugu, Kigali

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, ila kichwa kimevurugika.

Uliniuliza kwenye simu ninafanya nini hasa na hiyo dawa ya malaria, nikakujibu "kompyuta" tu. Ndani ya kijidudu cha malaria kuna protini yenye kishimo; dawa ikishika humo, kijidudu hufa. Tunaiunda kwenye kompyuta, tunaitia dawa kishimoni, kisha tunaacha vyote vitikisike kama vinavyotikisika mwilini. Mwanzoni protini hushikiliwa, kama imefungwa kwa springi ndogondogo, isiharibike wakati maji yanayoizunguka yanatulia. Baadaye springi hulegezwa kidogo kidogo, mwishowe huondolewa.

Basi, ilipokuwa imeshikiliwa, dawa ilikaa vizuri ajabu. Nikafurahi mno. Nilipoiachia, kishimo kikapanuka, dawa ikatoka ikaelea majini. Nikarudia, ikabaki. Nikarudia tena, ikatoka. Na kila kitu nilikifanya vilevile, Mama!

Uwase, msichana wa hapa ninayefanya naye kazi, akaniambia, "Onyesha ile yenye iko imefungwa. Picha iko nzuri. Wageni watajua nini?"

Wageni ni wale wanaolipia mradi wetu. Walikuwa wanakuja kesho yake, na wasiporidhika, masomo yangu yanaishia hapo. Jioni hiyo nilipanda pikipiki nikamwelekeza dereva hovyo, hadi tukajikuta Sonatubes, upande mwingine kabisa wa mji. "Dada, wewe uko naenda wapi kweli?" akaniuliza. Nikamwomba anirudishe Kagugu.

Asubuhi nikawaonyesha zote, iliyofungwa na zilizoachiwa. Mgeni mmoja akauliza, "Kwa hiyo dawa inashika au haishiki?"

"Sijui," nikasema.

Mwalimu wangu, Dokta Mugisha, akasema, "Rudia mara nyingi zaidi." Ni sifa ile, au karipio? Wageni wakanywa chai wakaondoka, na mpaka leo hawajasema lolote.

Nisalimie Baba, na mjomba Rajabu fundi cherehani, na shangazi aliyenilea. Mwambie Zuhura, mdogo wangu, asome, ila asinifuate kwanza huku.

Ninapoandika haya nimeiachia protini upya. Dawa bado imo ndani. Naikodolea macho, Mama, na sijui nifurahi au nisubiri itoke.

Mwanao anayekukumbuka kila siku,
Rehema