Mikono Iliyo Ukutani Kwako

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini karatasi hii inakukuta umesimama kwa miguu yako, na kwamba kile kikohozi ulichotuandikia mara ya mwisho kimekuachia. Sisi huku tunaamka. Mama magoti yanamsumbua, lakini bado anagombana na majirani kuhusu zamu ya bomba la maji, kwa hiyo ujue nguvu anazo. Baba mdogo amehamia chumba cha mbele, kile cha cherehani, na analala huku nyayo zote mbili ziko nje ya kitanda, maana nyumba hii haijawahi kuwa na kitanda cha urefu wake. Mimi sijambo kiasi.

Barua yako niliipata Jumatano. Nimeisoma mpaka mkunjo wake umeanza kukatika. Unasema picha ya mikono ya Baba umeitundika juu ya kitanda chako, na kila asubuhi unaiamkia kabla ya kwenda kazini. Unasema mwenye studio ya mtaani kwako aliiona akauliza nani kaipiga, na ulipomwambia ni mdogo wako aliyemaliza shule juzi tu, alisema nije, atanifundisha kazi bila ada, nami nitakaa kwako. Unataka jibu upesi. Kaka, sijawahi kutaka kitu maishani kama ninavyokitaka hicho. Ndiyo sababu nimekaa siku nne nikiitazama kalamu. Kabla sijakujibu, acha nikueleze jinsi kamera ilivyonunuliwa, kwa sababu sikukueleza yote.

Uliponiuliza unitumie zawadi gani ya kumaliza shule, nikakuambia kamera, hukucheka. Sababu sikukuambia. Unanijua, mtu akinitazama maneno yananikauka mdomoni. Nilidhani nikiwa na kamera itakuwa zamu yangu ya kutazama. Ukatuma pesa na sharti moja tu, kwamba mtu wa kwanza awe Baba, kwa kuwa una miaka sita hujamtia machoni, na picha yake pekee ni ile ya kitambulisho, ambayo mwenyewe alisema inafanana na mtu aliyekamatwa akitoka dirishani.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Niliazima simu ya jirani, nikasoma jinsi ya kununua kamera iliyokwisha kutumika, nikanakili maswali kumi na mawili kwenye daftari. Imeshapiga picha ngapi? Lenzi ina ukungu kwa ndani? Betri inakaa muda gani? Mpira wa kushikia umebanduka? Mengine sikuyaelewa, lakini niliyanakili hivyo hivyo, kwa mwandiko safi.

Duka lenyewe ni refu na jembamba kama korido, limejaa pasi, redio na simu zenye vioo vilivyopasuka. Muuzaji ana miwani machoni na nyingine kichwani. Kamera ilikuwa kwenye kabati la kioo, nyeusi, ya wanaoanza, ina lenzi moja na kamba ya shingoni iliyochakaa. Alifungua kijimlango ubavuni mwa kamera, akachomeka kitu, akakifunga, akaiwasha. Maandishi yaliyotokea yalikuwa ya lugha ya huko ilikotoka, kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Nilipoyakodolea macho aliniambia nisihangaike nayo, tangu lini picha ikawa na lugha.

Nikatoa daftari. Swali la kwanza alilijibu vizuri. La pili alilijibu huku akitabasamu. Nilipofika la tatu aliwaita wateja waliokuwa wakichagua pasi, waje kumwona mkaguzi aliyetumwa na serikali, kisha akaniuliza kama nimekuja kununua au kuposa, maana hata baba mkwe wake hakumhoji hivi. Watu walicheka. Hakukuwa na ubaya ndani yake, ni mzaha wa dukani tu. Lakini uso uliniwaka, nikafunga daftari. Alinipiga picha moja ya majaribio akanionyesha, nikajiona nimeinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sarafu. Nikasema naichukua. Alipokuwa anaifunga kwenye gazeti alikifungua tena kile kijimlango, akachomoa kitu chake, akakitia mfuko wa shati. Nilimwona, Kaka. Ilikuwa mchana kweupe. Sikuuliza.

Wakati huo Baba alikuwa na miezi mitatu hajagusa kazi, na cherehani imefunikwa shuka. Mama alikuandikia kwamba ni tumbo, na ni kweli, lakini hakukuandikia kwamba suruali zake alikuwa anazipunguza kila wiki, yeye mwenyewe, kwa mkono, akitutania kwamba amepata mteja mgumu ambaye kipimo chake hakitulii. Kamera aliipa jina, akaiita mjukuu wake wa jicho moja. Lakini kupigwa picha alinizungusha. Leo nywele, kesho ndevu, kesho kutwa uso umevimba, mjukuu ataogopa. Nami si mtu wa kusukuma.

Jumapili moja asubuhi aliniita kwa lile jina alilonipa, Kimya, akasema nilete mjukuu. Alikuwa amekwisha kunyolewa na Baba mdogo, na amevaa shati jeupe aliloshona mwenyewe, lile la harusi ya shangazi, ambalo sasa lilikuwa linamning'inia. Hakutaka kukaa kitandani. Alisema hajawahi kumpimia mtu nguo akiwa amelala, na hatapigwa picha amelala. Baba mdogo alimbeba mpaka kwenye kiti cha cherehani, tukamwekea mito miwili nyuma pasipoonekana. Shuka ikaondolewa. Aliomba uzi na sindano, akaitunga mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu, jasho likamtoka juu ya mdomo, wala hakukubali kusaidiwa. Nilipiga picha arobaini na moja. Kila nikibonyeza, picha ilitokea nyuma kwenye kioo, nzuri, nahesabu moja, mbili, tatu, inazimika. Pembeni kulikuwa na kijineno cha njiti za kiberiti kinawaka na kuzimika, chekundu. Nilidhani ndivyo ilivyo. Tulipomrudisha kitandani alilala mpaka jioni, na alipoamka alisema lile ndilo lilikuwa shati la mwisho, tafadhali nilisafishe vizuri, akimaanisha picha.

Kesho yake niliipeleka kamera studio ya hapa kwetu wanitolee. Binti wa pale, mkubwa kwangu kidogo, alifungua kile kijimlango cha ubavuni, akatazama ndani, kisha akanitazama mimi. Aliniuliza kadi iko wapi. Nikamuuliza kadi gani. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba kamera hii haina pa kuhifadhi, inapiga na kukuonyesha, lakini bila kadi haibaki na kitu. Kile kijineno chekundu kilikuwa kinaniambia hivyo hivyo. Nilimwambia simu huhifadhi zenyewe. Akasema hii si simu, mdogo wangu. Nilikaa kwenye ngazi za studio, nikafungua daftari. Swali la nane, kwa mwandiko wangu safi: Inauzwa pamoja na kadi yake?

Kadi niliinunua siku ile ile. Ungeniona nilivyokimbia kurudi nyumbani, nikidhani nitamwambia Baba ukweli, atacheka, atasema basi mjukuu alikuwa amefumba jicho, turudie. Nilimkuta macho ameyafumbua ananisubiri. Aliniuliza zimetoka? Nikatazama mkono wake juu ya blanketi, nikakumbuka ile mito miwili, na jasho lile, nikasema zimetoka, Baba, zinasafishwa. Akasema vizuri, basi kazi yake imekwisha.

Jumanne nilijiambia leo. Nikasimama mlangoni, akanitazama, nikamuuliza kama anataka maji. Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi nilikwenda na kamera mkononi, ina kadi ndani, ina betri imejaa, na alikuwa macho, Kaka. Angeweza kukaa hata kidogo. Angeweza hata kuniambia nimpige kitandani, nani ajuaye. Aliuliza mjukuu anataka nini tena, nikasema hataki kitu, amekuja kuamkia. Ijumaa alfajiri Mama alituamsha.

Kwa hiyo usidhani kadi ndiyo iliyonishinda. Kadi ni kosa la ujinga, na mtu husamehewa ujinga. Nilikuwa na siku nne.

Sasa nifike pale ambapo mkono unagoma. Baada ya mazishi ulituandikia kwamba mkataba haukukuruhusu kuja, na kwamba unachoomba ni ile picha tu, hata moja. Mama akanisomea barua hiyo kwa sauti. Watu wote walikuwa chumbani, wakageuka kunitazama, nikasema nitatuma.

Picha uliyonayo si mikono ya Baba. Ni mikono ya Baba mdogo.

Nilimwambia nafanya mazoezi ya kutumia mwanga. Nilimvalisha lile shati jeupe, nikamketisha kwenye cherehani, asubuhi saa ile ile ambayo jua linaingia. Nilikata uso, nikabakiza mikono na kitambaa. Umeandika kwamba uliutafuta ule ukucha uliopasuka, wa siku ile sindano ilipopita kidoleni nawe mtoto ndiye uliyekuwa unazungusha gurudumu, na ukasikitika kwamba kivuli kimeangukia pale pale. Hakikuanguka, Kaka. Nilikiweka. Niliegemeza ubao dirishani, nikausogeza na kuusogeza mpaka kidole kile kikaingia gizani. Na ni kwa ajili ya kivuli hicho mwenye studio anasema nina kipaji.

Baba mdogo hakuniuliza kitu. Alipomaliza alilivua shati, akalikunja taratibu, akalirudisha sandukuni. Mama nilimwonyesha nakala moja. Aliishika muda mrefu, akaigeuza uso chini mezani, akaniambia nikatazame jikoni kunaungua. Hakukuwa na kitu motoni.

Mwambie mwenye studio kwamba siji. Au mwambie ukweli, halafu yeye na wewe muamue. Mimi siwezi kuja kuishi chumbani kwako, chini ya picha ile, nikikusikia kila asubuhi unaiamkia. Pia usiichane, nakuomba. Ni mikono ya mtu aliyemnyoa Baba na kumbeba, ikakaa pale nilipoielekeza.

Nilichonacho cha kukupa ni hiki. Zile arobaini na moja niliziona mimi peke yangu, moja, mbili, tatu, kila moja, na bado ninazo. Ya kumi na saba ndiyo yako. Sindano ilikuwa imekwisha kutungwa, akawa amesahau kwamba niko pale. Mkono wa kushoto umelala juu ya bamba la cherehani, ule wenye ukucha uliopasuka, na jua limeupiga moja kwa moja, kila ufa unaonekana. Kwa ule wa kulia ameshika uzi. Uso ameugeuzia mlango wa mbele, ule uliokuwa ukiingilia kwa kishindo ukitoka shule naye akikuambia mlango huo si wa adui. Shingo imekuwa nyembamba, kola inamwachia nafasi ya vidole viwili. Anatabasamu, lakini si kwa ajili yangu. Alikuwa anausikiliza ule mlango. Hiyo ndiyo picha. Nitakuandikia na nyingine ukitaka, zote, na nisipoikumbuka vizuri nitakuambia siikumbuki. Sitaongeza kitu.

Mama anakusalimu sana, anasema ule mbogamboga na uache kulala na dirisha wazi. Sijui kama anajua ninachokuandikia. Amenipa bahasha bila kuniuliza. Jirani wa simu anakusalimu. Baba mdogo naye anakusalimu. Mikono yake unayo.

Ukinyamaza nitaelewa. Ukiniandikia, hata kwa kunigombeza, nitashukuru zaidi.

Ni mimi mdogo wako,
Kimya