Kumbe Mzunze Ndio Mlonge Wetu

Nyampande,
S.L.P. 63,
Sengerema.
22 Septemba 1996

Mpendwa Dada Teodora,

Shikamoo. Habari za huko Tanga? Shemeji hajambo, na mwanetu Jasmin je? Sisi wazima, ila goti la mama linamsumbua, na jua la mwaka huu halina huruma.

Dada, usinicheke mwandiko, naandika haraka kwa furaha. Zile mbegu za mzunze ulizosema tutafute, za kusafishia maji, zilinihangaisha. Nilivuka hadi Mwanza nikazunguka maduka mapya ya pembejeo pale Nyamagana. Siku hizi kila mwenye mtaji kafungua duka, lakini hakuna aliyeujua mzunze. Mmoja alitaka kuniuzia mbegu za kabichi.

Nimerudi mikono mitupu, nakuta bahasha yako yenye mbegu tatu za mfano. Mama akaishika moja, akavipapasa vile vibawa vyake, akacheka mpaka akakaa chini. "Kija, hii si mbegu ya milonge ya uani? Mnaogea nyuma yake tangu mko wadogo."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi tuliambiwa.

Tena tumeponea chupuchupu. Kaka yetu Shigela, unamjua asivyotulia, alishakata miwili apate nafasi ya kujenga kioski. Nilimnyang'anya panga. Amenuna, lakini kioski kimehamia barabarani.

Basi tulifanya ulivyoeleza. Tulimenya mbegu, tukatwanga, tukakoroga kwenye ndoo ya maji ya lambo, yale mekundu unayoyajua. Uchafu ukashuka wote. Tulipoyamimina taratibu kwenye beseni, niliyaona maua yaliyochorwa chini yake. Kuchemsha bado tunachemsha, usiwe na wasiwasi.

Najua ni maji haya yaliyomlaza Jasmin hospitali akiwa anatambaa, na ndiyo maana hujarudi. Hatujakulaumu hata siku moja. Ila mama anakosa raha, hasa akiona wajukuu wa wenzake.

Shigela anakusalimu pamoja na kununa kwake. Msalimie sana shemeji.

Juzi mama kanunua mtungi mpya, kauweka pembeni ya kitanda chake, na hataki mtu auguse. Anasema ni wa Jasmin. Njooni Krismasi, dada. Mungu awafungulie njia.

Mdogo wako akupendaye, atakayewapokea kivukoni,
Kija